Mwenye Funguo za Nyumba ya Mwingereza

Mama anayetunza ile nyumba kuukuu ya shamba, aliyoiacha Mwingereza huku Malava, hafungui chumba kabla ya kupiga hodi, ingawa humo haishi mtu. Hugonga kwa kidole kimoja, husikiliza, kisha huchagua ufunguo bila kuutazama. Nilikuja kuchora ramani ya nyumba, naye akanishikia tepu chumba hadi chumba, huku akipapasa matofali kama anayekagua ng'ombe wake. Hesabu ilikataa. Kwa nje ukuta ulikuwa mita kumi na nne. Ndani, hata nilipojumlisha unene wa kuta, nilipata kumi na moja tu.

“Mama, nyuma ya meko kuna chumba kilichozibwa,” nikamwambia. “Mbona hapa hukupiga hodi?”

“Hapa mimi sipiganga, mwanangu,” akasema polepole. “Hapa nangojanga.”

Akainua kidole ninyamaze, akainamisha kichwa, kisha akafuta mikono kwenye leso.

“Karibu,” akauambia ukuta, akasogea kando kama anayempisha mtu.

Nami, tepu mkononi, nikajikuta nimesogea pia.