Chokaa Iliyogoma kwa Daktari wa Meno

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Kliniki ya meno haijafunguliwa, na Poongodi amepiga magoti mbele ya tangi la samaki lenye urefu wa mtu. Kidude kilicho ukutani kinasoma 7.6. Anakigonga kwa ukucha. Bado 7.6.

"Hivi wewe una nini lakini?" anakiuliza.

Majini, matumbawe ya zambarau yamejikunja. Mawili yameshakufa, yamebaki mifupa myeupe.

Poongodi, 34, amezaliwa Kolathur, mtaa wa Chennai ambako kufuga samaki wa mapambo ni kama kufuga kuku. Yeye akachagua samaki wa maji ya chumvi, na majirani wakamcheka. "Walisema hao ni samaki wa matajiri na vichaa," anasema. "Mimi si tajiri."

Kazi yake ni kuyafanya matangi yajihudumie. Joto likikausha maji, boya linashuka na pampu inaongeza maji baridi, yasiyo na chumvi. Kiwango cha pH kikipungua, yaani maji yakielekea kwenye uchachu, pampu ya pili inadondosha maji ya chokaa kutoka kwenye kopo jeupe la plastiki.

Matangi yake mengine yanatii. Hili la Daktari Ilango limemchanganya akili. Kila Jumatatu anatia chokaa mpya, namba inapanda hadi 8.2 inayotakiwa. Ikifika Ijumaa inaporomoka. Amebadilisha kipimo, pampu, mpaka mipira ya maji. Jana daktari alimpigia simu: asipolitengeneza leo, kazi ya tangi inapewa kampuni nyingine.

"Nikilikosa hili, nani tena ataniamini?" anasema. "Nimefikiria kila kitu. Sijui. Kweli sijui."

Hapo anashuka Bibi Visalakshi, mama yake daktari, anayeishi ghorofani. Anampita Poongodi bila salamu, anafungua kopo la chokaa, anazamisha kijiko kirefu na kuopoa ndimu iliyokatwa, bado ina madoa ya unga mwekundu wa sala. Kisha nyingine. Zinafika nne.

"Bibi! Ni nini hicho?"

"Huoni? Ndimu. Wagonjwa wanawakodolea macho samaki wetu mchana kutwa, kijicho kitawaacha salama? Ndimu hukifukuza. Naziweka Ijumaa, natoa Jumamosi."

"Sasa kwa nini humo?"

"Si ndimo dawa yao inamotoka? Ulitaka nitie wapi, masikioni mwako?"

Poongodi anakaa chini, sakafuni, pu! Anacheka, halafu anafuta machozi kwa ncha ya sari. Uchachu wa ndimu ulikuwa unaimaliza chokaa yote.

"Bibi, ndimu ndiyo inayoyaua matumbawe."

"Wacha wee! Mwanzo nilikuwa natia moja. Yalipoanza kufa ndipo nikaongeza."

Hatua zinasikika kwenye ngazi. Bibi anazifutika ndimu kwenye sari yake na kutazama dari.

"Haya, dada," daktari anasema. "Umegundua tatizo?"

Poongodi anamtazama bibi, kisha kopo. "Kosa langu, daktari. Kopo lilitaka kifuniko cha kufunga. Kuna kitu kiliingia."

"Miezi miwili matumbawe yanakufa kwa sababu ya kifuniko? Basi dada, kusanya vifaa vyako."

Poongodi anaanza kuchomoa waya.

"Ilango!" Bibi anaachia sari. Ndimu nne zinabingirika hadi kwenye viatu vya mwanawe. "Kama ni kufukuza, anza na mama yako."

Daktari anaziangalia ndimu, anamwangalia mama. Mwishowe anainama kuziokota.

Poongodi anarudisha waya, anatia chokaa mpya na kusubiri. 7.7. Baadaye 7.8.

Anasema hajawahi kuwa na tangi la maji ya chumvi nyumbani kwake. Yote anayoyalea ni ya watu. Anaweka akiba anunue moja, dogo tu, la kuweka karibu na kitanda.

"La kwangu sitalipima kila dakika," anasema. "Nitakaa nilitazame tu."