Wenzo wa Kushoto

Tangu ajali, Ronald Odera huamka nyumbani kwake mtaa wa Buxton, akanywa chai anayowekewa na mkewe Beryl, na akimaliza hajui kama ilikuwa na sukari.

Ni nahodha wa tagi, zile boti fupi zinazovuta meli kubwa hadi gatini. Kwenye tagi ya zamani, wenzo wa injini, wa kuongeza na kupunguza mwendo, ulikuwa kushoto. Kwenye tagi mpya, mahali pale pale uliwekwa wenzo wa kufungulia kamba ya kuvutia meli, ule wa injini ukahamia kulia. Nyenzo zenyewe pacha: urefu mmoja, rangi moja. Mabaharia wakafunga kipande cha leso kwenye ule wa kamba, ili vidole vikigusa vijue. Wageni walipokuja kuizindua boti, meneja wa kampuni akaamuru leso itolewe.

"Hii ni tagi mpya, si kibanda cha soko la Mwembe Tayari!"

Kesho yake, kamba ikiwa imekaza, Odera alitaka kupunguza mwendo. Mkono ukaenda kushoto. Kamba ilichomoka ikamchapa Baya, baharia wa sitahani, ikamvunja bega.

Leo ndiyo siku ya kuamua kama Odera atanyang'anywa cheti cha unahodha. Kapteni Tumu, mama anayeongoza uchunguzi, amempandisha kwenye tagi hiyo hiyo, injini zimezimwa. Meneja naye yupo.

"Mzee Odera, kubali tu ulichoka," meneja alisema. "Utapewa onyo, yaishe."

"Sikuchoka. Nililala vizuri."

"Aliyelala vizuri hajui kushoto na kulia?"

"Hebu mwache, bwana," Tumu alisema. "Mzee, keti. Tazama mbele, si mikono yako. Nikisema, fanya."

Akamwamuru ashike nyenzo kana kwamba anaenda mbele, anageuka, anarudi nyuma. Akamuuliza hali ya watoto. Odera alipokuwa akijibu, Tumu akapaza sauti: "Punguza mwendo!"

Mkono ukaenda kushoto.

Meneja alikohoa.

"Umeona?" Tumu alimuuliza. "Anajua tunamtazama, na bado. Cheti atabaki nacho. Boti haitoki mpaka wenzo huu uhamishwe."

Odera alingoja furaha ije, au hata aibu. Hakikuja kitu.

"Ahsante, Kapteni. Lakini hata ukihamishwa, usukani msinipe. Niwekeni sitahani, mahali pa Baya."

"Una hakika, mzee?"

Hakuwa nayo. Aliinuka kitini, akashuka ngazi kwenda kukunja kamba.