Zamu ya Kusema

Nilikuwa mwalimu mgeni Songea, miaka ile mbolea ilipoachwa mikononi mwa wafanyabiashara na bei ikapanda. Darasa langu la sita lilikuwa kimya mno. Nikawagawa wanafunzi watano watano, kila kundi lijadili swali kisha mmoja aseme mbele ya wenzake, na kila mtu awe na zamu.

Kulikuwa na msichana wa Matogoro ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Siku hiyo niliuliza kwa nini mavuno ya mahindi yanapungua. Zamu yake ilipofika alisimama, akashika ukingo wa dawati, akasema, "Kundi letu limeona mbolea ni ghali. Tena sisi hatupalilii mashamba ya nyumbani, kwa sababu kila Alhamisi tunapalilia shamba la mwalimu mkuu."

Wenzake wakampigia makofi. Hawakujua kwamba mwalimu mkuu amesimama mlangoni.

"Nani amekufundisha maneno hayo?" akamuuliza.

Msichana akanitazama mimi. Nilikuwa sijathibitishwa kazini, na wa kunipendekeza alikuwa mkuu huyo huyo. Nikageuka, nikaanza kufuta ubao uliokuwa mtupu.

Alichapwa viboko sita mbele yetu. Wiki iliyofuata wanafunzi walikaa kwenye makundi kama nilivyowapanga, wakanitazama, na hakuna aliyefungua mdomo. Yule msichana aliendelea kuniamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mwalimu." Mpaka anamaliza shule, sikusikia neno jingine kutoka kwake.