Safisha na Matope ya Mabuti

Jina alilopewa na wazazi wake halikumbukwi tena mtaani. Watu humwita Safisha, naye huitika bila kinyongo. Miaka yake yote ya kazi alichemsha mikasi na visu vya chumba cha upasuaji, na alipostaafu jicho lake la hospitali alirudi nalo nyumbani. Hata sabuni huiosha kabla ya kuitumia. Mgeni akiingia na viatu, Safisha humtazama miguu mpaka mwenyewe aombe radhi.

Sasa mwanamke huyo ndiye aliyepata mume mtia chumvi ngozi! Mzee wa watu hushinda ghalani akizipaka chumvi ngozi za ng'ombe zisioze, na jioni hurudi akinuka kazi yake. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: mabuti mwisho getini. Pale aliyagonga ukutani kila jioni, matope yakadondoka, kisha akaingia peku, ananyata kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Safisha na dada yake waliachiwa shamba na mama yao, aliyewalea kwa kunde za shamba hilohilo. Lakini kisima chake kilikuwa cha maji ya chumvi, na kumwagilia mwaka hadi mwaka kukaliharibu. Ukoko mweupe ukatanda juu ya udongo, kunde zikagoma. Mfyatua matofali akalitamani, na dada mtu, ambaye hana subira na kitu kisichozaa, akawa tayari kumpa. Safisha alipopata habari alilia waziwazi, ufagio mkononi.

"Nipe mpaka mvua zijazo ziishe, dada," akasema. "Bibi shamba ameniambia nipande migunga. Inavumilia chumvi na inarutubisha udongo. Kunde za mama zitarudi."

"Na ikikataa, mdogo wangu?"

"Ikikataa, mlete na mashine yake."

Akaanza kuotesha miche uani, na hapo ndipo alipoharibu, kwa namna ambayo ni Safisha peke yake angeweza. Aliuchekecha udongo wa shamba, akaumwaga juu ya bati, akakoka moto chini yake na kuukaanga kama karanga mpaka ukafuka moshi. Hakuna mdudu aliyetoka salama. Ndipo akaujaza kwenye viriba vya plastiki, akapanda mbegu, akakaa kusubiri kwa moyo mweupe.

Miche iliota vizuri, kisha ikaanza kuwa ya njano. Akaongeza maji, ikazidi. Akaibembeleza, ikadondosha majani.

"Mama watoto," mumewe akamwambia, "hii miche inaumwa. Ipeleke hospitali, wewe si una watu kule?"

"Nyamaza. Umeoga?"

Alijikaza kisabuni, lakini mvua zilikuwa zinakaribia, na kila alipoinama juu ya viriba vile aliisikia mashine ya matofali masikioni.

Asubuhi moja alikuwa akifagia getini. Akasimama ghafla. Viriba vichache alivyovibana pale ukutani kwa kukosa nafasi vilikuwa na miche ya kijani kibichi, imewapita wenzake kwa urefu. Akamgeukia mumewe, mkono kiunoni.

"Umeiwekea nini?"

"Mimi? Sijaigusa hata kwa kidole." Akafikiri kidogo. "Labda kwa buti."

Kweli, kila kiriba kilikuwa na matope makavu juu yake. Safisha akamwita bibi shamba, binti mchangamfu aliyekuja na pikipiki yake siku hiyohiyo. Binti akachana kiriba kimoja cha getini na kukung'uta mizizi. Ilikuwa imejaa vinundu vidogo. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama fizi. Kisha akachana kiriba cha mche wa njano pia. Mizizi yake haikuwa na kitu, safi kabisa, na Safisha nusura afurahi.

"Ndiyo shida yenyewe, mama," akasema bibi shamba. "Ni safi mno. Ndani ya vinundu wanaishi bakteria. Mti unawapa chakula, wao wanaunasia naitrojeni kutoka hewani. Wewe umewakaanga wote. Baba, kule ghalani kuna mgunga?"

"Uko nyuma, tunapomwaga maji ya chumvi. Ndio kivuli chetu."

"Basi bakteria wa kule wameizoea chumvi, na mabuti yako yamewaleta hapa. Wengine wengi inawashinda. Mti nao unajitetea: chumvi nyingi unaizuia mizizini, na ile inayopenya unairundika kwenye majani mazee, kisha unayaangusha."

"Kumbe na mti unafagia," akasema Safisha kwa heshima.

Mumewe alitazama mabuti yake. Alijitahidi kweli asicheke, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Safisha aliona aibu, kisha akacheka naye.

Mzee akaleta gunia la udongo wa chini ya mgunga ule, na Safisha akatia konzi moja kila kiriba, amevaa glavu. Miche ikashika rangi. Mvua zilipoanza, wakaihamishia shambani.

Zilipokwisha, dada mtu alifika na mfyatua matofali wake. Migunga ilikuwa imesimama kijani juu ya ule weupe, mstari kwa mstari, inamfika kiunoni. Alitembea katikati yake, akivuta tawi hili na lile kama anayetafuta uongo. Mwishowe akamgeukia yule bwana.

"Matofali kafyatulie kwingine, ndugu yangu. Hapa patapandwa kunde."

Jioni ile mzee aliporudi alikuta beseni getini. Akainua buti kuligonga ukutani kama kawaida.

"Wee! Usimwage ovyo!"

Safisha akapiga magoti, akamvua mabuti yote mawili na kuyakung'utia ndani ya beseni, taratibu, asipoteze hata punje.

"Glavu zako ziko wapi?" mzee akauliza.

Safisha akatazama viganja vyake vyeusi, akavipangusa kwenye kanga.

"Ingia ndani, chakula kinapoa," akasema. "Na kesho upite chini ya ule mti."