Matundu Kwenye Pindo

Mimi ni mshonaji. Nashona Nyamitaba, kwenye kibanda cha mbao kinachotazama njia ya kwenda Muheto, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kitu kilichoshonwa vizuri hakitikisiki. Sare za shule, suruali za harusi, magauni ya wanakwaya, vyote nimevikaza mpaka wenyewe wananilalamikia kwamba hawapumui. Nawaambia wapunguze kula. Kwa hiyo siku alipoingia mwalimu wa fizikia na kunitaka nimshonee kitu ambacho kazi yake nzima ni kutikisika, nilidhani ananichezea.

Alikuwa amebeba bawa. Alikuwa amelichonga kwa frigoliti, ile nyeupe nyepesi wanayofungia televisheni mpya ndani ya katoni, na lilikuwa na urefu wa meza yangu ya kukatia. Akanieleza kwamba ni bawa la kidege, tena kidege cha kuruka kweli, chenye mota ndogo na telekomande ya kukiongozea kutoka chini. Nyuma ya bawa kulihitajika kipande chembamba cha kupanda na kushuka, maana hicho ndicho kinachokigeuza kidege hewani. Yeye alikiita guverne, kama vitabu vyake vilivyokiita. Alikuwa amejaribu kukishikisha kwa skochi, ule utepe wa kunata, skochi ikalegea kwa jua. Akajaribu bawaba ndogo za sanduku, zikawa nzito mno. Sasa aliuliza kama uzi unaweza.

Nilimwambia uzi unaweza chochote. Na kile kipande sikukiita guverne. Niliona kiko ukingoni, nikakiita pindo, na baada ya mwezi mmoja na yeye alikuwa anakiita pindo.

Namna yenyewe tuliigundua pamoja, tukibishana. Unatoboa matundu madogo kwenye ukingo wa bawa na mengine kwenye ukingo wa pindo, yakitazamana. Sindano inaingia bawa kutoka juu, inatokea chini, inapita katikati ya kingo mbili, inapanda juu ya pindo, inaingia pindo na kurudi tena katikati. Uzi unaandika namba nane. Ukiandika nane tano kwa kila pindo, kila moja na matundu yake manne, mawili kila upande, zinatosha. Mwisho unatia tone la gundi kwenye kila tundu, na gundi ikishakauka hakuna kurudi nyuma.

Mara ya kwanza nilikaza kama ninavyokaza suruali. Pindo likasimama, halikwenda juu wala chini. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vitambaa vyangu.

“Kaka, hapa uiache ipumue.”

Basi nikajifunza kuacha nafasi yenye unene wa kadi ya simu. Ikipungua, pindo linagoma. Ikizidi, pindo linatetemeka kwenye upepo na kimota kingine cha ndani ya bawa kinacholisukuma hakiliwezi. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kwenye ushonaji na hakuna aliyewahi kuniomba mshono wenye nafasi. Nilikasirika kidogo, halafu nikapenda.

Tulijenga videge kwa miaka minne, kila Jumapili baada ya misa. Tulivipaka rangi ya machungwa ili vionekane, na kabla ya kurusha tulikwenda kwanza kwa chefu, mkuu wa kijiji, kisha tukaomba itangazwe kanisani, kwa sababu siku hizi za vita hapa kwetu kitu chochote kinacholia angani kinawafanya watu wachukue watoto na kukimbia. Katekista alilisoma hilo pamoja na matangazo ya ndoa, kwamba saa nane kwenye malisho ya juu kitaruka kidege cha mwalimu na mshonaji, watu wasiogope. Wachungaji wa ng'ombe walinung'unika kwamba maziwa yanapungua. Lakini walikuja kutazama, na wao ndio waliokaa mbele.

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kuja kwa mwalimu. Mabinti zangu wawili wameolewa mbali. Nasema hivyo ili ieleweke Jumapili zangu zilikuwa nini. Nilimpenda yule mtu kama ndugu, na sikumwambia, kwa sababu huku kwetu mwanaume akimpenda rafiki yake humtukana kidogo tu na kumwongezea chai.

Kisha akahamishwa. Shule moja huko Pinga ilimtaka awe mkuu wa masomo, na Pinga kutoka kwetu ni siku mbili kwa pikipiki njia ikiwa nzuri, na njia haiwi nzuri mara nyingi. Aliondoka na telekomande, mota na nguo zake. Mimi nilibaki na sindano. Jumapili ya kwanza niliipaka mafuta mashini ya kushonea. Jumapili ya pili niliipaka tena, ingawa ilikuwa bado inateleza.

Miezi ikapita. Siku moja nikapata ujumbe wake wa sauti. Alisema kule kwao, eneo la Walikale, kuna mti mwepesi ajabu, parasolye, unaoota wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa, na ubao wake ukiushika unadhani umeshika mkate. Atajenga kidege kikubwa kuliko vyote vya zamani, bila frigoliti. Ameshawaahidi wazazi kwamba kitaruka siku ya kufunga mwaka wa shule. Mabawa na mkia atanitumia kwa motari, kijana wa pikipiki, nimshonee mapindo, nimrudishie. Alisema hakuna mtu mwingine anayeweza. Niliusikiliza ujumbe ule mara nne.

Mbao zilifika zimefungwa kwenye blanketi, zimelowa kidogo upande mmoja. Zilikuwa nyepesi kweli. Kulikuwa na mapindo manne ya kushona, mawili ya bawa, moja la mkia uliolala na moja la mkia uliosimama. Nilikwangua kingo kwa kipande cha chupa mpaka zikawa na mteremko mzuri, nikatoboa kwa sindano ya moto, nikaanza.

Simu inashika vizuri sehemu moja tu, juu mlimani nyuma ya kanisa. Saa kumi na moja jioni nilipanda pale na kumbipu, naye akanipigia. Nikamweleza nilipofikia. Akaniuliza juu ya mteremko wa ukingo na juu ya uzi, tukatoka hapo tukaingia kwenye wanafunzi wake, mvua ya Pinga, padri wao asiyejua kuimba. Nilishuka nikiwa mtu mwingine. Ikawa hivyo kila jioni ya juma lile.

Nilipomwambia pindo la kwanza limekwisha, alifurahi.

“Muzuri sana. Ukimaliza ya pili ndio tutaongea,” akasema, akakata.

Hakuwa na kosa. Alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Lakini nilishuka mlima nikihesabu. Yamebaki matatu, na baada ya matatu hatutakuwa na la kuongea. Asubuhi yake, gundi ikiwa bado sijaitia, nilichukua wembe, nikakata zile nane tano, nikazivuta nyuzi moja moja. Jioni nikapanda, nikambipu, nikamwambia pindo linagoma, nadhani nafasi ni ndogo. Alinieleza kwa uvumilivu wote jambo nililolijua kuliko yeye.

Nilifanya hivyo kwa wiki sita. Wakati mwingine nilisema uzi umeoza. Wakati mwingine nilisema ubao umejikunja kwa unyevu, na mara moja nilisingizia panya. Kila nilipofumua nilishona upya, na kila niliposhona upya nilishona vizuri, maana mikono yangu haijui kuharibu kwa makusudi. Kasoro ilikuwa kwamba tundu la zamani hupanuka ukivuta uzi, halishiki tena, na lazima utoboe jingine pembeni. Mshonaji yeyote anajua hili. Mteja akiniletea suruali iliyofumuliwa mara tatu ninamrudishia mkononi, namwambia kitambaa kimekwisha, hapa hakuna tena pa kushika. Nimelisema hilo maisha yangu yote, tena kwa ukali. Kwa pindo la mkia uliolala nilifumua zaidi ya mara tatu.

Mwalimu alianza kuwa na wasiwasi. Siku ya kufunga shule ilikuwa karibu, wazazi wanamuuliza njiani. Jioni moja akaniambia taratibu kwamba kama kazi imenilemea nimtumie vipande vyote, atajua mwenyewe la kufanya. Nilimwambia hapana, kesho vinaondoka.

Usiku ule sikulala. Nilichanganya gundi na unga wa ubao, nikaziba matundu ya zamani moja baada ya jingine, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya machungwa mara mbili. Mapindo yalipanda na kushuka laini kabisa, na mtu angepitisha kidole ukingoni asingehisi kitu. Kuficha ni sehemu ya kazi yangu, nimeficha viraka kwenye koti za watu wakubwa wengi. Nikafunga kila kitu kwenye lile blanketi, nikampa motari, nikamwambia asiweke mzigo mwingine juu yake. Kanisani niliomba uzi ushike. Niliona aibu kuomba hivyo, lakini niliomba.

Siku yenyewe nilipanda nyuma ya kanisa mapema nikakaa. Hakupiga. Nilijiambia anasherehekea, amezungukwa na watu, na ni haki yake. Kesho yake ndipo akapiga, na kwa namna alivyonisalimu nikajua.

Alinisimulia bila kupandisha sauti. Kidege kiliondoka vizuri kwenye uwanja wa mpira. Wazazi walisimama, akina mama walipiga vigelegele. Alikizungusha mara mbili, kisha alipotaka kukipandisha, pindo la mkia uliolala likachomoka lote kwa pamoja, na kidege kikaanguka kwa pua nyuma ya vyoo vya shule. Hakuna aliyeumia. Watu walicheka, na mpaka asubuhi ile wanafunzi walikuwa bado wanaonyeshana kwa mikono jinsi kilivyoanguka. Yeye alikwenda kwenye nyasi akaliokota pindo.

“Ule ubao umepasuka kufwata matundu,” akasema. “Nimeyahesabu, ya pindo na ya mkia. Iko matundu tisini na kitu, kaka. Wewe unatoboaka ishirini. Ulifumua mara ngapi?”

Ningeweza kusema panya. Nilikuwa na panya tayari mdomoni.

“Sijui, Prof. Mara nyingi. Nilikuwa nafumua ili tuendelee kuongea.”

Nilisikia mtu akipita karibu naye, akisalimu, naye hakumjibu hata huyo. Kisha simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ilikuwa rezo, mtandao wetu mbovu, au ni yeye aliyeikata, na sijawahi kumuuliza.

Siku tatu hakupiga. Mimi sikuthubutu kumbipu. Nilirekodi ujumbe wa sauti kuomba msamaha, nikaufuta, nikarekodi mwingine, ukatoka mrefu, nikaufuta nao. Nilimdhalilisha mtu mbele ya wazazi wa shule nzima, mtu pekee aliyekuwa ananitafuta, na nilifanya hivyo kwa kumng'ang'ania. Niliwaza juu ya mke wangu, kwamba angekuwepo angeniambia nilivyo mjinga kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Mama anayeniletea maziwa aliuliza kama naumwa. Nilimjibu vibaya, kisha nikamkimbilia njiani kumwomba radhi, naye akaniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka.

Siku ya nne wateja wawili walirudisha kazi. Kwa mmoja nilikuwa nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, jambo ambalo sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi. Niliufumua pale pale mbele ya mwenyewe.

Siku ya tano, saa kumi na moja, nilipanda. Sikuwa na tumaini, miguu ilikuwa imezoea tu. Ng'ombe walikuwa wanashushwa na ukungu ulikuwa umefunika upande wa Muheto. Nilikaa kwenye nyasi na simu juu ya goti, na nilikuwa karibu kuondoka ilipolia.

Nilianza kusema samahani kabla hajasalimu. Akaniacha nimalize. Nilisema kwamba nitachonga mapindo mengine, nitayashona mara moja tu, sitayagusa tena, azitume tu zile mbao. Akaniacha nimalize na hilo pia. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya siku zote, kama vile hajasikia hata neno moja:

“Leo ulikula nini?”

Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu tumzike mke wangu. Nilitafuta haraka jambo la kusema, nikafikiria fufu na sombe, nikafikiria viazi na maharage, vyote vingeaminika kirahisi. Niliviacha vyote.

“Sijakula, Prof.”

Nilisikia mvua ya Pinga ikianza kupiga mabati ya kwake.

“Basi shuka, upike,” akasema. “Kesho nitakupigia. Usitafute tena sababu.”

Nilibaki nimekaa muda kidogo, machozi yakinitoka bila sauti, na ng'ombe wa mwisho akanipita. Halafu nilishuka nikawasha moto.