Kiti Kisichoelewa Kiswahili

Nilikitaka kile kiti. Nimekana jambo hili mbele ya ndugu, mbele ya marafiki niliosoma nao chuo kikuu, na mara moja mbele ya mtangazaji wa redio aliyeniuliza kwa utani kama nautamani utemi. Nilimjibu kwamba mimi ni raia wa jamhuri, na jamhuri haina viti vya kurithi. Nililisema vizuri sana. Nilipotoka studio nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikanyoosha shingo kidogo, nione kama inaweza kubeba taji.

Kiti chenyewe ni kigoda cha mti mweusi, chenye miguu mitatu, na mmoja umeliwa na mchwa. Kiko Kisesa kwa bibi mdogo, mke wa mwisho wa babu mzaa mama. Babu ndiye aliyekuwa ntemi wa mwisho wa sehemu yetu, kabla serikali ya uhuru haijafuta watawala wa jadi nchi nzima. Baada ya hapo babu alilima pamba kama jirani zake, na kiti kikatafutiwa kazi nyingine. Nilipokuwa mdogo kilibeba mtungi wa maji. Nilipohitimu chuo kilibeba redio. Wakati wa mambo haya kilikuwa kimebeba king'amuzi cha televisheni, na juu ya king'amuzi kuna kitambaa cha kufuma chenye maneno "Karibu Mgeni".

Shuleni tulifundishwa kwamba machifu walikuwa vibaraka wa wakoloni. Kwenye mtihani niliulizwa nieleze madhara yao, nikaeleza mpaka karatasi ikajaa, nikapata alama zote. Likizo ilipofika nikaenda Kisesa kula michembe ya babu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliponiuliza tumesoma nini muhula ule, nilimwambia tumesoma hesabu.

Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa uhamisho. Tulikaa Tanga, tukakaa Iringa, tukakaa Mtwara, na kila nyumba tuliyopewa sheria yake ilikuwa moja: hapa ndani ni Kiswahili tu, maana tunajenga taifa. Tulilijenga kweli. Nilikua sina hata sentensi moja kamili ya Kisukuma. Nilikuwa na *mhola*, ambalo maana yake ni kwamba mambo ni salama, na linatumika kuuliza na kujibu, pengine kwa mkia wa *duhu*, yaani tu. Nilikuwa pia na *wabeja*, yaani asante. Kwa maneno hayo mawili, tabasamu, na kuinama kidogo kwa heshima, nimeishi Mwanza tangu nirudi, na watu wengi wanaamini naongea lugha ya mama yangu.

Hawakosei sana, kwa maana moja. Chuoni nilisoma isimu. Naweza kusimama ubaoni nikachora ngeli za Kisukuma zote, nikaonyesha toni inapanda wapi na kushuka wapi. Nisichoweza ni kununua nyanya.

Basi siku moja habari ikatufikia kwamba mheshimiwa kutoka juu angekuja Kisesa kuhutubia. Wanasiasa walikuwa wamegundua kwamba mkutano wa hadhara unapendeza zaidi ukiwa na mstari wa machifu mbele, wamevaa, wametulia, wanapiga makofi inapotakiwa. Kwa hiyo kila ukoo uliowahi kutawala uliombwa kumleta chifu wake akae chini ya hema. Wetu ulikuwa na kiti, ulikuwa na ngoma, ulikuwa na ngozi ya chui yenye matundu. Chifu ndiye hatukuwa naye.

Wenye haki tulikuwa wawili. Mmoja ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, mjukuu wa ntemi kwa upande wa kiume. Ana duka la vipuri vya pikipiki Buzuruga, karibu na stendi, na tumbo ambalo tayari lilikuwa la kichifu. Wa pili ni mimi, mjukuu kwa upande wa kike, tena mtoto pekee wa binti pekee. Mtu angedhani huyo wa pili hana lake. Lakini mimi nimesoma. Kwenye kikao cha kwanza cha ukoo niliwakumbusha wazee, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba zamani utemi kwetu ulipita kwa watoto wa mabinti wa nyumba ya kitemi, na kwamba mambo ya baba kumwachia mwana yalishika nguvu wakati wa ukoloni. Nikaongeza kwamba wanawake watemi waliwahi kuwepo. Nikasema sisemi hayo kwa ajili yangu, nasema kwa ajili ya historia.

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja akaandika.

Kikao chote kilikuwa kwa Kiswahili. Wajukuu waliotoka Dar na Dodoma hawakujua lugha nyingine, na agenda ya kwanza ilikuwa "Kulinda Kisukuma Chetu". Mzee mmoja alisimama akalalamika kwa uchungu kwamba lugha inakufa. Alilalamika kwa Kiswahili fasaha, na tukampigia makofi.

Mimi nilitoa mada fupi kuhusu neno lenyewe, *ntemi*. Nilieleza kwamba linatokana na kutema, kwa maana ya kukata. Wapo wanaosema ni kukata msitu, kwa sababu mtawala wa kwanza ndiye aliyefyeka pori watu wakapata pa kulima. Wapo wanaosema ni kukata mashauri. Nikasema mimi naegemea msitu. Binamu akanyoosha mkono, akasema kwamba stendi ya Buzuruga kuna mtu anaitwa mtemi, hajawahi kukata msitu wala shauri, anakata foleni tu na hakuna anayethubutu kumwuliza. Akataka kujua kama naye tumkaribishe mstari wa mbele.

Mtoto wa mjomba ni mtani, kwa hiyo nilicheka na wengine. Moyoni nilimtoa kwenye orodha ya watu nitakaowapa wadhifa.

Wiki iliyofuata nikapita dukani kwake, nikijifanya natafuta kioo cha pikipiki ya fundi wangu. Nilitaka kupima upepo. Alinipa stuli, akaniagizia soda, akaniamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, Profesa." Sijawahi kuwa profesa, naye anajua. Kulikuwa na wateja watatu wamekaa kwenye matairi. Akawaambia kitu kwa Kisukuma, wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nimechelewa kidogo kama kawaida yangu, ila nikafidia kwa kucheka kwa muda mrefu zaidi.

"Umecheka nini, dada?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Hicho ulichosema."

"Nilisema kwamba nikiwaambia bei ya tairi imepanda wacheke, tuone kama na wewe utacheka."

Wale wateja walitazama chini, wakawa wanachunguza viatu vyao. Binamu akainama, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alijua tangu utotoni, tangu siku ile bibi aliponiambia nitoke kwenye jua nami nikamjibu wabeja nikaendelea kukaa juani. Aliniambia nisiogope, hatamwambia mtu. Wasukuma wako mamilioni, alisema, hawawezi kunikosa mimi mmoja. Kisha akanitoza kioo bei kamili.

Niliondoka nikiwa nimefadhaika, lakini si kwa sababu inayostahili. Sikufadhaika kwamba sijui lugha ya mama yangu. Nilifadhaika kwamba mpinzani wangu anajua sijui. Usiku nilipanga majibu. Ningesema taifa letu lilichagua lugha moja ili tusigawanyike. Ningesema ntemi wa leo ni wa wote, hata wa wale waliozaliwa Mtwara. Ningesema kwamba mheshimiwa mwenyewe atahutubia kwa Kiswahili, na kwa hiyo chifu atakayemjibu kwa ufasaha wa Kiswahili ndiye ukoo unayemhitaji. Hotuba nilishaiandika. Ilikuwa hotuba nzuri, na bado ninayo, ikitokea mtu akaihitaji.

Kikao cha pili hakikufikia mwafaka. Waliokuwa upande wa binamu walisema chifu awe mtu anayeishi na watu. Waliokuwa upande wangu, na walikuwepo, nawashukuru, walisema ukoo usimpeleke muuza vipuri mbele ya taifa. Ndipo bibi mdogo, aliyekuwa akichambua choroko muda wote, akasema neno. Alisema yeye si wa damu ya kitemi, ameolewa tu, lakini ndiye aliyefuta vumbi kwenye kile kiti miaka yote wakati sisi tukijenga taifa. Kwa hiyo utaratibu ataupanga yeye. Wazee watakaa nyumbani kwake na ukoo ukisikiliza, ila sisi wawili tutakaa mbali. Wakishakubaliana, atatupigia simu, aulize swali linalopaswa kuulizwa, na litaulizwa kwa Kisukuma na kujibiwa kwa Kisukuma.

Mjukuu mmoja wa Dodoma akauliza kama tafsiri itaruhusiwa.

"Kile kiti hakielewi Kiswahili," bibi akasema, akarudi kwenye choroko zake.

Hapo mtu mwenye akili angejitoa. Mimi nilifanya utafiti. Niliteremsha kabatini madaftari yangu ya chuo, nikasoma upya sura za vitenzi. Nikajua namna sita za wakati uliopita. Nikabuni kwamba swali litakuwa, "Je, unakubali kubeba mzigo huu?" na jibu lolote la heshima litatosha. Swali la namna hiyo ulimwenguni kote hujibiwa kwa kushukuru, na kushukuru nilikuwa nakujua.

Siku ya kikao nilikaa sebuleni kwangu Buswelu, simu mezani, nimevaa kitenge kipya. Kwa nini mtu avae kitenge kipya kupokea simu, sijui. Niliikagua chaji. Nilimpigia jirani anipigie, nihakikishe inaita. Kisha nikakaa, na nikaanza kufikiria jinsi nitakavyokirekebisha kile kiti: dawa ya mchwa kwanza, halafu mguu, halafu king'amuzi kitafutiwe meza.

Simu ikaita. Nilisikia vikohozi vya wazee na jogoo, nikajua bibi ameweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mhola?" akaanza.

"Mhola," nikajibu, kwa toni sahihi kabisa.

Halafu akaongea. Aliongea taratibu, kwa sentensi ndefu, na sauti yake ilikuwa na upole ambao hakuwahi kunipa kwa Kiswahili. Nilishika neno *ntemi*. Nilishika neno la ngoma, na neno la binti. Nilitambua wakati ujao wa kitenzi, nikafurahi kuukuta porini, ukiwa hai. Maneno mengine yalinipita. Mwishoni sauti ikapanda, nikajua ni swali.

"Wabeja," nikasema. Kwa kuwa neno moja lilionekana dogo kwa swali refu vile, nikaongeza, "Wabeja sana, bibi."

Vigelegele vililipuka. Mtu aligonga ngoma, ile ngoma yenyewe, ambayo sikuwahi kuisikia ikilia tangu nizaliwe. Nilisimama. Machozi yalinitoka, mimi raia wa jamhuri, na nilikuwa natafuta kwa mkono ile hotuba yangu mezani pale bibi aliporudi kwenye simu. Safari hii aliongea Kiswahili, nadhani kwa ajili ya wajukuu wa Dodoma.

"Mwanangu, umetupa heshima. Tulikuwa na wasiwasi. Wengine walisema binti yule amesoma sana, hawezi kukubali kumwachia binamu yake kiti. Na wewe umemwachia na asante juu."

Nilikaa. Nyuma yake walikuwa wanaimba, na mtu alikuwa ameshatumwa Buzuruga kumfungisha duka ntemi mpya. Ningeweza kusema. Kiswahili nilikuwa nacho, kingi, sanifu. Lakini ningeanza kwa kueleza nini: kwamba sikuelewa swali, au kwamba nilikitaka kiti?

"Mhola?" bibi akauliza, pole pole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Mhola duhu," nikasema.