Mtoto wa Miaka Sabini na Minane

Eusebia Techera alishona matandiko ya farasi miaka hamsini pale Paso del Ceibo, kaskazini mwa Uruguay, hadi vidole vyake vikawa vigumu kama kwato. Alipostaafu hakutaka makuu. Alitaka chai yake ya asubuhi ya majani ya mate, na alitaka kusoma, maana ngozi ya ng'ombe haimpi mtu nafasi ya kusoma.

Aliishi na Zulma Etcheverry, aliyekuwa mgawa barua wa mji. Watu walimwita Zulma mpangaji. Mpangaji wa miaka arobaini na mmoja! Hakuna aliyeuliza zaidi, na wao hawakuwa na desturi ya kumjibu asiyeuliza.

Mwaka huo maktaba ya mji ilipokea sanduku kutoka mji mkuu. Ndani mlikuwa na vitabu vya kila rika kuhusu wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, watoto wenye mama wawili, na mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana kumbe ni msichana. Mkutubi, Waldemar Píriz, alivibandika utepe: njano kwa walio chini ya miaka saba, kijani na buluu kwa wakubwa kidogo, nyekundu kwa watu wazima. Waldemar alikuwa mwaminifu kiasi cha ugonjwa. Aliwahi kujiandikia barua ya onyo kwa kuchelewa kazini dakika tatu, akaijibu, kisha akajisamehe.

Eusebia alichukua riwaya ya utepe mwekundu, habari ya wanawake wawili wafuaji nguo wa bandarini. Kwenye ukurasa wa pili mmoja wao analalamika kwamba mwenzake anakoroma na kumvutia blanketi lote. Eusebia alikifunga kitabu akaangaza huku na huku kama mtu aliyefumaniwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kujikuta ndani ya kitabu. Kisha akakifungua tena, polepole. Alisoma palepale maktabani kila alasiri, akafika ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Wiki hiyo kitambulisho chake kikaisha muda, akaenda kukibadilisha. Siku ya pili alimkuta Waldemar amesimama mbele ya kabati la vitabu vyekundu, funguo mkononi, uso umempauka.

"Samahani, bibi. Watoto hawaruhusiwi."

"Mtoto gani?"

"Wewe. Kitambulisho chako kipya kimeingia kwenye mashine, nayo inasema umezaliwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Una miaka mitano."

"Waldemar, mimi ndiye niliyemshonea baba yako tandiko la harusi!"

"Nalijua, bibi, na bado tunalo. Ulishona vizuri sana kwa umri wako."

Kule kwenye ofisi ya vitambulisho walimwambia marekebisho yatafika Oktoba, Mungu akipenda. Ilikuwa Machi. Zulma akapandwa na hasira, akavaa koti lake la zamani la posta, akaenda maktabani mwenyewe.

"Nipe mimi hicho kitabu. Nina miaka sabini na mmoja na meno tisa. Unataka kuyahesabu?"

"Siwezi, mama Zulma. Chenye utepe mwekundu hakiingii nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka saba."

"Mtoto gani tena?"

"Eusebia."

Zulma alirudi nyumbani akacheka hadi akaketi chini jikoni. Eusebia hakucheka. Alipiga hesabu: atatimiza kumi na minane akiwa na miaka tisini na mmoja. Huko ndiko ukurasa wa mia na kumi na tatu ulikokuwa ukimngoja.

Mambo yakazidi kuharibika. Zahanati ikamwita kwa chanjo, na muuguzi, aliyekuwa na haraka, akamchoma kabla ya kumtazama usoni, kisha akampa pipi. Shule ya chekechea ikaandika barua kwa "mzazi au mlezi" kuuliza kwa nini mtoto Eusebia haonekani. Zulma akajibu, kama mlezi, kwamba mtoto ana baridi yabisi.

Kwa kuwa vya njano tu ndivyo alivyoruhusiwa, Eusebia akaanza kuhudhuria saa ya hadithi, kila Jumanne. Alikalia kiti cha sentimita thelathini, magoti yakimgusa masikio. Walisomewa habari za mvulana mwenye baba wawili wasiojua kukaanga nyama, kila mmoja akimlaumu mwenzake kuhusu mafuta. Watoto walicheka nyama ilipoungua. Eusebia alitokwa machozi, na msichana mmoja aliyeng'oka jino akampa leso yake, yenye uji.

"Usilie, bibi. Wataagiza chakula."

"Silii kwa sababu ya nyama, kipenzi."

"Sasa kwa nini?"

Eusebia alifikiri. "Mimi nilipokuwa na miaka mitano mara ya kwanza," akasema, "kitabu hiki hakikuwepo."

Mwezi wa tano Waldemar, ambaye usingizi ulikuwa umemtoroka kwa ajili ya jambo hili, alimjia mbio na kijitabu cha kanuni. Kanuni ya tisa: mtoto anaweza kusoma kitabu cha rika lolote akiwa na kibali cha mzazi, kilichosainiwa mbele ya mkutubi.

"Basi tumekwisha," akasema Eusebia.

"Tumekwisha vipi?" akauliza Zulma. "Mama yako yupo."

Na kweli alikuwepo. Doña Clotilde, miaka tisini na saba, alikaa nyumba ya wazee karibu na stesheni ya zamani, akiwaamrisha wauguzi kama makuruta. Eusebia alikuwa amemficha jambo lake tangu ujana, na sasa amwombe ruhusa ya kulisoma! Siku tatu alitafuta visingizio. Siku ya nne akaenda, Zulma mbele, Waldemar nyuma na kitabu kifuani.

"Sitii sahihi kitu nisichokijua," alisema Doña Clotilde. "Nisomewe kwanza. Chote."

Waldemar akavuta kiti. Kisha akageuka kwa haya. "Bibi Eusebia, utatoka nje. Ni kitabu cha watu wazima."

Basi Eusebia akakaa ukumbini, sikio kwenye mlango. Waldemar, akijua sikio la mtoto liko pale, akashusha sauti.

"Paza sauti!" kizee akafoka. "Mimi kiziwi!"

Kanuni hazikusema lolote kuhusu viziwi. Waldemar akapaza. Ikawa hivyo siku sita, mapenzi ya wafuaji yakitangazwa kwenye nyumba nzima ya wazee, hata viti vya magurudumu vikaanza kupanga foleni ukumbini. Mara kwa mara sauti ya Doña Clotilde ilisikika: "Mpumbavu huyo, si amwambie tu!"

Siku ya saba, kabla hawajafika ukurasa wa mia na kumi na tatu, kizee aliita, "Eusebia! Njoo."

Eusebia akaingia. Mama yake alikuwa ameshika kalamu.

"Mwaka wa tisini na moja nilikuja kwenu, unakumbuka? Nikatafuta choo, nikafungua chumba cha Zulma. Kitandani palikuwa na maboga. Maboga matupu, hadi kwenye mto. Nikajua. Mtu halali na maboga."

"Mama! Na hukusema?"

"Na wewe ulisema?"

"Ungenifukuza."

"Mwaka ule, ndiyo," akasema kizee. "Mwaka uliofuata ningekuita urudi. Lakini hukunipa nafasi ya kukufukuza, sasa ningekuitaje?" Akatia sahihi kwa nguvu hata karatasi ikachanika, akatazama mlangoni. "Na huyo naye aingie. Anasimama pale kama muuza sabuni."

Zulma akaingia. Doña Clotilde akamwonyesha pembeni mwa kitanda, naye akaketi hapo.

Jumamosi alasiri Zulma na Eusebia walitoa viti barazani, wakaanza ukurasa wa mia na kumi na tatu. Zulma alisoma kwa sauti, maana macho ya mwenzake yalikuwa yamejaa maji. Jirani yao Aparicio, aliyekuwa akienda kununua mkate, akasimama penye ua.

"Mnasoma nini nyie?"

Eusebia alimwangalia. Moyo ulimpiga kama nyundo juu ya ngozi.

"Kitabu cha wanawake wawili wanaopendana," akasema. "Kama mimi na huyu."

"Aa," akasema Aparicio. "Nilidhani mmenunua redio." Akaenda zake kununua mkate.